Nilivyomtafsiri Grazia Deledda Mara Mbili

Mwezi Machi mwaka 2020 hoteli niliyokuwa nikifanya kazi ya mapokezi hapa Malindi ilifungwa kwa sababu ya korona, nasi wafanyakazi tukarudishwa nyumbani na mshahara wa nusu mwezi. Nilikuwa nimekaa kwenye kaunta ile miaka 11. Miongoni mwa vitu vilivyosahauliwa na wageni, ambavyo kwa desturi yetu hutunzwa mwaka mzima kabla ya kugawanywa, nilikuwa nimepata kitabu kimoja cha jalada la kijani, *Canne al vento*, riwaya ya Grazia Deledda, mwandishi ambaye sikuwahi kulisikia jina lake. Kitaliano nilikijua, kama wanavyokijua watu wengi wa Malindi na Watamu waliokulia kando ya hoteli za Wataliano, na nafasi sasa nilikuwa nayo. Nikaamua kukitafsiri kwa Kiswahili. Nilidhani ni kazi ya miezi sita. Imenichukua miaka mitatu na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa makosa ambayo mtu mwingine hana sababu ya kuyarudia, ndiyo maana nayaandika hapa pamoja na gharama zake.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba Kitaliano changu kinatosha. Kilikuwa Kitaliano cha funguo za vyumba, mashuka, safari za Tsavo na malalamiko ya maji moto, nilichofundishwa na wageni ambao wengi wao walitoka kaskazini ya Italia. Wataliano wa huko wanaposimulia jambo lililopita hutumia njeo moja tu ya kila siku, yaani umbo moja la kitenzi la wakati uliopita. Lakini riwaya zao za zamani husimuliwa kwa njeo nyingine ambayo katika miaka yote ile sikuwahi kuisikia mdomoni mwa mgeni yeyote. Kila mstari ulikuwa na vitenzi ambavyo sikuvitambua, hata vya kusema, kwenda na kuona, ambavyo nilivitumia kila siku kwa sura nyingine. Nakumbuka nilivyoshika tama usiku wa tatu, taa ya sola ikififia, nikiwa nimefika ukurasa wa pili. Anayetaka kusoma fasihi ya Kitaliano baada ya kujifunzia lugha kazini, kama mimi, na atenge majuma matatu au manne kwa njeo hiyo peke yake kabla ya kufungua riwaya. Mimi sikufanya hivyo. Nilitafuta tafsiri ya Kiingereza, nikaipata, nikaanza kutafsiri kutoka humo huku kitabu cha Kitaliano kikiwa pembeni kama shahidi asiyeulizwa swali.

Kufikia Desemba nilikuwa na kurasa 140 kwenye madaftari ya shule. Nilipozisoma zote kwa mfululizo, sikusikia mtu yeyote akisema. Sentensi zilikuwa sahihi, sarufi haikuwa na doa, lakini hapakuwa na jasho wala moshi. Nikarudi kwenye sentensi ya kwanza kabisa ya Deledda mwenyewe na kuifuata neno kwa neno kwa kamusi. Inaeleza jinsi Efix, mtumishi wa mabibi wa ukoo wa Pintor, alivyoshinda siku nzima akiimarisha tuta la kuzuia mto, tuta alilolijenga mwenyewe kidogo kidogo kwa miaka na kwa taabu, kule chini mwishoni mwa kishamba kilicho kando ya maji. Ni sentensi ndefu inayokwenda kwa pumzi ya mtu anayebeba mawe. Mimi nilikuwa nimeikata vipande vitatu vifupi ili isomeke upesi, na kwa kuikata nilikuwa nimemwondolea Efix kazi yake. Tafsiri ile ya Kiingereza haikuwa na kosa kwa wasomaji iliyoandikiwa. Kosa lilikuwa langu, kuchora sura ya mtu kwa kutazama picha ya picha yake. Januari 2021 niliyafunga madaftari yale kwa kamba na kuyaweka juu ya kabati. Nililia, sikatai. Miezi tisa si michache kwa mtu asiye na mshahara.

Kabla ya kuanza tena nilijilazimisha kumjua mwandishi, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Grazia Deledda alizaliwa Septemba 1871 huko Nuoro, mji mdogo wa milimani katika kisiwa cha Sardinia. Baba yake, Giovanni Antonio, alikuwa mtu mwenye uwezo, mwenye mashamba na biashara, aliyewahi kuwa meya wa mji. Lakini desturi ya mahali na wakati ule haikuona sababu ya msichana kuendelea na masomo, na Grazia alisoma shule mpaka darasa la nne tu, kisha akafundishwa nyumbani kwa muda na mwalimu. Yaliyobaki alijifundisha kwa kusoma kila alichokipata. Tena, na hili ndilo lililobadilisha kazi yangu yote, Kitaliano hakikuwa lugha yake ya nyumbani. Nyumbani, jikoni na mtaani watu walisema Kisardinia, ambacho ni lugha kamili yenye mizizi yake na hakimo katika lahaja za Kitaliano. Kitaliano alikipata vitabuni, akakiandikia kazi yake yote, na wako wahakiki wa zama zake waliomlaumu kwamba Kitaliano chake kina mikwaruzo.

Niliposoma hayo niliweka kalamu chini. Mimi nimezaliwa Ganda, nje kidogo ya Malindi, na nyumbani kwetu tulisema Kigiriama. Kiswahili cha kuandika nilikipata shuleni, nikakipenda, nikakifanya changu. Nilijua mtu anavyoandika lugha moja huku nyingine ikipumua chini yake. Ile mikwaruzo waliyoilalamikia wahakiki ilikuwa Kisardinia kikisema ndani ya nguo za Kitaliano, na nilikuwa nimeipiga randa yote mpaka ikaisha.

Hadithi yake ya kwanza, *Sangue sardo*, ilitoka mwaka 1888 katika jarida moja la mitindo la Roma, akiwa bado hajatimiza miaka 17. Watu wa Nuoro hawakumpongeza. Msichana asiyeolewa anayeandika habari za mapenzi na damu, tena watu wakijitambua humo au wakidhani wanajitambua, alikuwa aibu kwa ukoo, na walisema wazi kwamba hatapata mume. Katika *Cosima*, riwaya inayofuata maisha yake mwenyewe na iliyochapishwa baada ya kifo chake, kuna binti anayechukua mafuta ya zeituni kwa siri kutoka ghala la nyumbani ili apate pesa za kutuma mswada wake kwa posta. Cosima ni mojawapo ya majina yake ya ubatizo. Baba yake Grazia mwenyewe alifariki mwaka 1892. Kaka mmoja alizama kwenye ulevi, mwingine akaingia matatani na sheria, na binti yule ndiye aliyekaa kwenye kinu cha kukamulia zeituni akiandika hesabu za wateja, huku wakulima na wachungaji wakisubiri zamu zao na kusimulia mambo yao karibu na moto. Baadaye watu wale wote wamo vitabuni mwake. Nawaambia wanaotamani kuandika na kusubiri mpaka wapate chumba chenye utulivu: mwanamke huyu aliipata shule yake mahali penye kelele za jiwe la kusagia.

Alitoka Nuoro mwishoni mwa mwaka 1899 kwenda Cagliari, na huko akakutana na Palmiro Madesani, mtumishi wa wizara ya fedha. Walioana Januari 1900 na kuhamia Roma, ambako aliishi mpaka kufa na kuzaa watoto wawili wa kiume, Sardus na Franz. Sitaki kulipita jambo la mume huyu upesi kama vitabu vingi vinavyolipita. Palmiro alishughulika na barua, mikataba, wachapishaji na watafsiri, ili mkewe aandike. Watu walimcheka kwa hilo, na mwandishi mwenzake wa Italia, Luigi Pirandello, alitoa riwaya mwaka 1911, *Suo marito*, yaani Mume Wake, iliyochukua kisa chao kama mbegu. Palmiro aliendelea na kazi yake. Deledda naye alikuwa na utaratibu usioyumba: aliangalia nyumba asubuhi, akapumzika baada ya chakula cha mchana, kisha akaketi kuandika kurasa chache, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Hivyo ndivyo zilivyopatikana riwaya zaidi ya 30 na mamia ya hadithi fupi. Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1926, aliyokabidhiwa Stockholm tarehe 10 Desemba 1927, ilimfanya kuwa mwanamke wa pili kuipata katika fasihi baada ya Selma Lagerlöf, na mpaka leo hakuna mwanamke mwingine wa Italia aliyeipata ya fasihi.

Kwa kuwa vitabu ni vingi, mtu hupotea asipochagua pa kuanzia, nami nilipotea. Nilianza na *Canne al vento* ya mwaka 1913 kwa sababu tu ndicho kilichosahauliwa chumbani. Ningelijua, ningelianza na *La madre* ya mwaka 1920, ambayo ni fupi na yenye mkazo mmoja: padri kijana katika kijiji cha mlimani anampenda mwanamke, na mama yake, aliyefanya kazi za jikoni ili mwanawe asomee upadri, ndiye anayeligundua jambo hilo. Msomaji hana ukoo mkubwa wa kukumbuka wala miaka mingi ya kufuatilia. Baada ya hapo ningelisoma *Elias Portolu*, ya kijana anayetoka kifungoni na kumpenda mchumba wa kaka yake, halafu *Cenere* ya mwaka 1904, ya mama aliyemwacha mwanawe na mwana anayemtafuta, ambayo mwaka 1916 ilitengenezewa filamu, na Eleonora Duse, mwigizaji mkubwa wa jukwaani, akaigiza humo filamu yake ya pekee. Riwaya alizoandika baada ya hapo zikiwa mbali na kisiwa nilizisoma kwa heshima, lakini kwangu hazina uzito ule ule. Huo ni uamuzi wangu, na wapo watakaobishana nami kwa haki.

Nilianza upya Februari 2021 kutoka Kitaliano, na safari hii nilifanya jambo moja ambalo naliona ndilo lililookoa kazi: kila jioni nilimsomea mama nilichoandika mchana. Mama hakusoma sana, lakini sikio lake la lugha ni kali kuliko langu. Tuliketi uani, yeye akichambua mchicha au akisuka ukili, mimi na daftari. Jioni ya kwanza alinisimamisha kwenye neno la tatu.

Nilikuwa nimemwita Efix mtwana. Neno hilo lilinivutia kwa sababu ni zito na la kale. Mama akauliza, "Amenunuliwa?" Nikasema hapana, Mama, ni mtu huru, ila mabibi zake wamefilisika na wana miaka hawajamlipa mshahara. Akasema, "Basi si mtwana. Mtwana hana mshahara wa kudai. Huyu anadai." Sisi tuliozaliwa kwenye pwani hii, ambako mashamba ya Malindi na Mambrui yalilimwa na watumwa na ambako utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907, hatuna ruhusa ya kulitumia neno lile kama pambo. Nikaandika mtumishi. Hadithi yote imesimama juu ya deni lile, maana Efix naye ana deni lake la siri kwa nyumba ile: ndiye aliyesababisha kifo cha bwana wake wa zamani, don Zame, usiku alipomsaidia Lia, mmoja wa mabinti wa nyumba ile, kutoroka. Ningelibaki na mtwana, mizani ile ingelivunjika ukurasa wa kwanza.

Kisha yakaja majina ya heshima. Katika Sardinia ya Deledda mzee yeyote wa watu wa kawaida huitwa *zia* au *zio*, maneno ambayo kwenye kamusi ni shangazi na mjomba. Niliandika Shangazi Pottoi, na kwa kurasa 20 mama alidhani bibi kizee yule ni ndugu wa mabibi wakubwa, akashindwa kuelewa kwa nini anaishi kwenye kibanda. Nikabadilisha kuwa Bi Pottoi, na kila kitu kikakaa mahali pake. Kwa mabibi wa ukoo bora, wanaoitwa *donna*, nilijaribu Mwana, kama tunavyosema Mwana Kupona, na moyoni nilifurahi sana. Lakini kijana mmoja wa jirani, anayesoma Nairobi, alipopitia mswada aliniuliza kwa nini wanawake wazima wanaitwa watoto. Niliumia, kwa sababu neno ni zuri na ni letu, ila msomaji wa leo hasikii tena alichosikia bibi yangu. Nimebakiza donna na don, na kueleza maana yake mara moja tu mwanzoni.

Mahali niliposhindwa vibaya zaidi ni usiku wa sura ya kwanza. Efix amelala kwenye kibanda chake kando ya mto na anausikia usiku umejaa viumbe: roho za watoto waliokufa kabla ya kubatizwa zikiruka na kugeuka vijiwingu vya rangi ya fedha nyuma ya mwezi, viumbe wadogo waitwao *janas* wanaokaa ndani ya majabali wakifuma nguo za dhahabu, na *panas*, wanawake waliofia uzazi, wakifua nguo zao mtoni na kuzipiga kwa mfupa wa muundi wa maiti. Mimi niliwaita panas majini. Mama aliacha kusuka. "Jini hakuzaliwa na mtu, mwanangu. Jini ameumbwa kwa moto. Hawa ni marehemu, tena marehemu wenye uchungu, wana watoto waliowaacha." Akanisimulia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, habari za dada yake aliyefia uzazi kabla sijazaliwa, na jinsi nyanya yangu alivyokuwa akimsikia alfajiri. Sikuandika kitu usiku ule. Siku ya pili niliandika kwa urefu, mizimu ya wanawake waliofia uzazi, na panas nikaliacha neno lenyewe, msomaji alibebe kama nilivyolibeba mimi. Homa ya Efix sikuwa na haja ya kuieleza. Sardinia ilikuwa na malaria mpaka kampeni kubwa ya miaka ya 1946 hadi 1950 ilipoitokomeza, na watu wa kitabuni wanatetemeka kama tunavyotetemeka sisi.

Hata jina la kitabu nililikosea kwa mwaka mzima. Nililiandika Mianzi, kwa sababu mwanzi ni neno tamu. Lakini mwanzi una nguvu, na Deledda amechagua mmea mwembamba wa kando ya mto kwa sababu maalumu: Efix humwambia donna Ester, mmoja wa mabibi zake, kwamba sisi ndio mimea ile na bahati yetu ndiyo upepo. Siku moja tukivuka daraja la mto Sabaki kwa matatu, mama alinyoosha mkono dirishani kuonyesha matete yaliyoinama yote upande mmoja kwa kusi. Hakusema neno. Kitabu kinaitwa *Matete Upeponi*.

Mei 2023 nilikwenda Sardinia. Mume na mke waliokuwa wageni wetu wa kila mwaka hotelini walinialika na kunilaza bure, na bado safari iliniondolea akiba karibu yote: viza euro 80, tiketi ya ndege, meli ya usiku kutoka Civitavecchia hadi Olbia, kisha basi la kwenda Nuoro. Jumla ilikaribia shilingi 190,000 za Kenya. Sijutii hata senti moja, lakini nilikwenda nimechelewa. Afadhali mtu aende mswada ukiwa katikati, si baada ya kuumaliza, maana nililazimika kurudia sura nne nzima.

Nyumba aliyozaliwa Deledda, katika mtaa wa zamani wa San Pietro, sasa ni makumbusho. Nilisimama jikoni muda mrefu mpaka mlinzi akaniletea kiti. Katika *Cosima* jikoni lile limeelezwa kwa makini: moto wa katikati uliozungushiwa mawe manne sakafuni, na juu yake, kwa kimo cha mtu, chanja iliyoning'inizwa kwa kamba nne kutoka kwenye maboriti yaliyofukizwa moshi, na juu ya chanja jibini ndogo ndogo za maziwa ya kondoo zikikauka. Mimi nilikuwa nimetafsiri chanja ile kama rafu. Rafu! Nyumbani kwa nyanya yangu uchaga wa mahindi ulikuwa juu ya moto vivyo hivyo, moshi ukiyaepusha na fukusi, na harufu yake ninayo puani hadi leo. Nilikuwa na neno lenyewe tangu utotoni, nikaenda kuazima la dukani.

Jioni, nikinunua mkate wao mwembamba mkavu unaoitwa *carasau*, niliwasikia wazee wawili wakizungumza kwa Kisardinia. Sikuelewa chochote, mimi niliyewahudumia Wataliano kwa miaka 11. Nilibaki pale dukani nikijifanya nachagua jibini ili niwasikilize zaidi. Niliisikia pumzi ile ile ya sentensi ya tuta.

Siku ya mwisho nilipanda kwa miguu hadi kanisa dogo la Upweke, chini ya mlima Ortobene. Deledda alifariki Roma tarehe 15 Agosti 1936 kwa saratani ya matiti, na riwaya ya mwisho aliyoichapisha akiwa hai, *La chiesa della solitudine*, imechukua jina la kanisa hilo na inamhusu mwanamke kijana mwenye ugonjwa huo huo. Aliandika habari ya maradhi ambayo wakati ule hata kuyataja ilikuwa vigumu. Mwaka 1959 mabaki yake yalihamishwa kutoka Roma na kuzikwa humo. Mji uliomwonea haya ukamrudisha nyumbani. Nilikaa peke yangu karibu na kaburi kwa nusu saa, nikamshukuru kwa Kiswahili, kisha kwa Kigiriama.

Sasa niseme habari za pesa na haki, kwa sababu hapa ndipo wenzangu wengi wanapoumizwa. Mwaka 2021, kwa woga wa kushtakiwa, nilimlipa mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa wakala shilingi 15,000 ili anipatie kibali cha kutafsiri. Hapakuwa na kibali cha kutafuta. Deledda alifariki mwaka 1936. Italia hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 70 baada ya kifo chake, Kenya miaka 50, na kwa hiyo tangu Januari 2007 maandishi yaliyochapishwa wakati wa uhai wake ni mali ya kila mtu. Nakala ya Kitaliano inapatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya Liber Liber. Kinachobaki na mwenyewe ni tafsiri ya mtu mwingine, pamoja na dibaji na maelezo ya wahariri wa siku hizi. Hivyo usiviguse bila ruhusa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotafsiri kutoka Kiingereza. Serikali ya Italia huwa na ruzuku za kusaidia tafsiri za vitabu vyao, lakini anayeomba kwa kawaida ni mchapishaji, si mfasiri. Mimi nilijaza fomu peke yangu na kupoteza wiki mbili.

Mchapishaji wa kwanza, ambaye sitamtaja, alinitaka nilipie uchapaji wa nakala 200 kwa shilingi 85,000, na mimi, nikiwa nimechoka na nina hamu ya kukiona kitabu, nilituma pesa kwa simu bila mkataba wa maandishi. Vilikuja vitabu 60. Kurasa za sura ya saba zilikuwa zimechanganyika, na jina la Efix lilikuwa limesahihishwa na mashine kuwa neno lisilo na maana kila lilipotokea. Simu zangu hazikupokewa tena. Nilivichoma moto vitabu 57, kwa sababu sikuweza kuvumilia mtu akutane na Deledda kwa mara ya kwanza kwa njia ile. Wakati ule ndipo nilipomwelewa Palmiro Madesani barabara. Anayeandika au kutafsiri na awe na mtu wa kumsomea mkataba, hata kama ni binamu aliyesomea uhasibu, mtu asiyelewa kwa furaha ya kitabu. Binamu yangu ndiye aliyekaa na mchapishaji wa pili, akauliza maswali ambayo mimi ningeona haya kuyauliza: asilimia ngapi, nakala ngapi, nani anashika haki ya chapa ya pili, na kama pesa yoyote inatoka mfukoni mwangu. Haikutoka.

Mwezi uliopita kurasa za majaribio zilifika kwa basi kutoka Mombasa, zimefungwa kwa karatasi ya kaki. Mama sasa haoni vizuri, lakini alitaka nimsomee zote tena tangu sentensi ya tuta. Tulichukua jioni 19. Mwishoni Efix anarudi kwenye nyumba ya mabibi zake akiwa mgonjwa, baada ya kutangatanga na vipofu akiomba sadaka ili alipe dhambi yake, na anakata roho siku ile ile donna Noemi, mmoja wa mabibi hao, anapoolewa na don Predu, akijitahidi kukichelewesha kifo mlangoni ili asiiharibu harusi. Nilisoma polepole. Mama alinyamaza mpaka nikadhani amesinzia.

Kisha akauliza, "Na mshahara wake? Walimlipa?"

Miaka mitatu na nusu nilikuwa na kitabu kile, na swali hilo sikuwahi kulifuatilia mpaka mwisho. Nikachukua kalamu nyekundu na kuanza kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, nikitia alama kila mahali deni lile lilipotajwa, naye akinishikia taa.